Filta Aliyoikaza Donatus

Ushirombo, Jumatatu 4 Novemba 2024

Nelly, yule dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali Kahama, ameniambia niwe naandika kila siku jinsi mume wangu, Baba Ritha, anavyoendelea: mguu, mkono, maneno. "Hata mstari mmoja, mama. Usipoandika utadhani hasogei." Basi naanza.

Mguu wa kulia unabeba, akishika fimbo. Mkono wa kulia unaning'inia kama ameuazima. Maneno yapo mengi, ila linatoka lile asilolitaka. Leo alitaka maji akasema "ndoo." Jana alitaka shati akasema "Jumapili," na hapo nikamwelewa, maana alikuwa anataka lile la kanisani.

Mvua imenyesha alfajiri, ya kwanza yenye maana. Asante Mungu.

Jumatano 6 Novemba

Kliniki. Tunakwenda Jumatano moja, tunapumzika moja. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa tano mimi ndiye dereva wa Probox yetu. Alinifundisha mwenyewe miaka ile kwenye kiwanja cha shule, kwa mzaha, akiwa mzima. Sasa namwendesha yeye. Nikikosea anafumba macho.

Injini imeanza kugonga tak-tak-tak ninapowasha asubuhi.

Ijumaa 8 Novemba

Vidole viwili vimecheza. Namwandikia Nelly kwa herufi kubwa: VIWILI.

Jumamosi 9 Novemba

Nimempelekea Mwigulu gari. Gereji yake ni shimo moja na kibanda cha mabati pale karibu na soko, lakini ndiye fundi niliye naye. Mume wangu Donatus hakuwahi kumpa mtu gari lake kulifanyia sevisi. Alikuwa analala chini yake mwenyewe, akitoka ana oili mpaka kwenye nyusi.

Mwigulu akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akanionyesha.

"Mama Ritha, hii siyo oili tena. Hii ni lami. Ilibadilishwa lini?"

"Baada ya Pasaka. Alibadilisha mwenyewe."

"Na tangu hapo?"

Tangu hapo limekwenda Kahama na kurudi sijui mara ngapi, na siku za mnada linabeba akina mama na magunia yao, kwa sababu ndilo linalotulisha. Mwigulu akasema ukiendelea hivi injini itakwama, na injini ikikwama hapa hakuna cha kufanya. Oili tunaweza kumwaga leo, lakini filta nayo lazima itoke, la sivyo ni sawa na kuoga halafu kuvaa nguo ile ile chafu.

Akaingia shimoni. Akasokota kwa mkono mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Filta haikutikisika.

"Mzee aliikaza hii kwa nguvu za nani?"

Nikacheka, kisha nikaona uchungu. Ni nguvu za mkono ule ule unaoning'inia sasa. Ile filta ndiyo kitu cha mwisho alichokikaza.

Jumanne 12 Novemba

Mwigulu ameazima spana ya mkanda. Unaizungushia filta halafu unavuta mpini. Filta ina mafuta, mkanda unateleza. Amejaribu kupaka mchanga, kufungia kitambaa, bado unateleza. Nilimchukua Donatus akakaa kwenye kiti pembeni. Alipouona ule mkanda akasema, "Hapana." Ndilo neno pekee linalotoka sawasawa kila mara, hapana.

Mvua tena. Nimepanda robo ya jaruba la mpunga.

Jumatano 20 Novemba

Kahama. Nilimwacha kwa Nelly, nikazunguka maduka ya spea kutafuta spana ya filta. Duka la tatu wakanipa ya miguu mitatu, inabana kama kucha za mwewe. Muuzaji akaapa hii haishindwi.

Tulipoondoka, pale kwenye kona baada ya stendi, Baba Ritha akaanza kupiga dashibodi kwa mkono wa kushoto. "Sufuria! Sufuria!"

Nikamwambia, "Una njaa, mume wangu. Vumilia, tutakula Masumbwe, wingu lile linatufuata." Akageuza uso dirishani. Pale Masumbwe nilimnunulia wali na nyama, hakugusa.

Alhamisi 21 Novemba

Nimempikia ugali kwa samaki wa kukaanga. Amekula, lakini bado anasema sufuria. Nimempa sufuria aishike. Ameisukuma.

Jumamosi 23 Novemba

Miguu mitatu imeshindwa. Kule ilikojificha filta, kati ya injini na mabomba, hapana nafasi ya miguu yote mitatu kupanuka. Miwili inashika, wa tatu unagonga bomba. Mwigulu amechubua vidole. Baba Ritha kwenye kiti: "Hapana. Hapana. Sufuria."

Nikamjibu kwa ukali mbele ya watu. Nilimwambia, "Baba Ritha, tumekula sasa hivi!" Watu wakatazama chini. Nyumbani nilimwomba samahani nikimwosha miguu. Alinishika kichwani kwa ule mkono wa kushoto. Sijui kama alinisamehe au alikuwa anajishikiza asianguke.

Jumatano 27 Novemba

Hakuna kliniki. Mvua kutwa. Nimekataa abiria wa mnada, naogopa injini.

Jumapili 1 Desemba

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tulikwenda kwa miguu, polepole, tukafika wakati wa mahubiri. Padri alituona mlangoni akatulia kidogo mpaka tukae. Nashukuru kwa hilo.

Mchana amekuja Januari, mdogo wake Donatus. Yeye yuko machimboni upande wa Mbogwe, anasimamia karasha ya kusaga mawe. Alikuja mweupe kwa vumbi mpaka kope, pikipiki yake imejaa tope. Alileta sukari na kilo ya nyama. Akamsalimia kaka yake kwa Kisukuma, akakaa naye muda mrefu. Halafu akanifuata jikoni.

"Shemeji, niachie gari nilipeleke kule kwetu. Kuna mafundi wa mitambo, wana kila aina ya spana."

"Utalirudisha lini?"

"Likipona."

Nikamwambia nitafikiri. Kusema kweli nilikuwa nimeshakataa moyoni. Watu wa machimboni nawajua, gari likiingia kule linabeba mawe mpaka lipinde. Na tangu kaka yake augue nasikia maneno kwamba Januari anasema gari ni la ukoo. Hajaniambia mimi. Nimesikia tu.

Alipoondoka hakuaga vizuri. Donatus alimsindikiza kwa macho mpaka pikipiki ikapotea.

Jumatano 4 Desemba

Kliniki. Nimeendesha taratibu kama nabeba mayai. Tak-tak-tak njia nzima. Kwenye ile kona akapiga tena dashibodi. Sufuria. Nikamwambia tumechelewa kwa Nelly, na kweli tulikuwa tumechelewa.

Nelly anasema mkono unarudi. Anataka ashike vitu, asokote vifuniko vya chupa.

Jumamosi 7 Desemba

Tumesokota vifuniko. Kimoja kimefunguka, kwa msaada wa meno.

Alhamisi 12 Desemba

Mwenye trekta mmoja wa Runzewe ametuazima spana ya mnyororo. Ukiitazama unadhani inaweza kung'oa mti. Mpini wake mrefu kuliko nafasi iliyopo, ukiuzungusha kidogo tu unagonga chuma. Mwigulu amekaa ukingoni mwa shimo akitazama mikono yake. Namwonea huruma. Hajawahi kunidai chochote kwa kushindwa, na kila siku anajaribu upya kama ndiyo siku ya kwanza.

Jumatatu 16 Desemba

Siku mbaya.

Asubuhi nilipeleka gari kwa Mwigulu, akaniambia limebaki jambo moja. Mafundi wa zamani wanafanya hivi: unapigilia bisibisi ndefu ipenye filta ubavu hadi ubavu, halafu unaisokota kama mpini. Nikamuuliza, "Na ikichanika?" Akasema ikichanika inachanika, lakini mara nyingi haichaniki.

Donatus alikuwa kwenye kiti chake. Alipoona bisibisi na nyundo akasimama bila fimbo. Nasema akasimama peke yake, jambo ambalo tumelitafuta tangu mwezi wa tano, na mimi sikuliangalia kwa sababu nilikuwa naangalia nyundo. "Hapana! Hapana! Hapana!" Mwigulu akapiga. Oili nyeusi ikamrukia usoni. Akashika bisibisi avute, na bati la filta likaanza kukunjika kama kopo la nyanya.

"Acha!" nilipiga kelele. "Mwigulu, acha hapo hapo!"

Akaacha. Akachomoa bisibisi taratibu. Filta ina tundu ubavuni, ila kichwa chake bado kizima. Gari haliwezi kuwaka, ukiliwasha oili yote inamwagika. Na kliniki ni keshokutwa. Mabasi yanapita barabarani, lakini kupandisha mtu wa fimbo ndani ya basi lililojaa wakati huu wa kuelekea Krismasi sijui nitaanzia wapi.

Mwigulu alilia. Mtu mzima, baba wa watoto. "Nisamehe, mama. Nilitaka kukusaidia." Nikamwambia najua, na kweli najua. Tulimrudisha Donatus nyumbani kwa bajaji. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia simu. Nikampigia Januari, nikitegemea atasema, "Nilikwambia."

Alisema tu, "Keshokutwa asubuhi nitakuwa hapo, shemeji."

Jumanne 17 Desemba

Nilimwambia Donatus, "Nilikuona jana. Ulisimama." Akacheka. Mdomo wake bado unakwenda upande mmoja, lakini kicheko ni chake kabisa.

Jumatano 18 Desemba

Nataka niandike yote kabla sijasahau.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na njia ya kutoka kwetu hadi lami imekuwa mto. Januari alikuja na gari dogo aliloazima kwa mwenzake wa machimboni, akaliacha barabarani kwa sababu halikuweza kushuka. Akaingia ndani na buti za mgodini. Akamchuchumalia kaka yake, akasema, "Panda, mkubwa." Akambeba mgongoni mpaka barabarani, tope likimfika magotini, mimi nyuma na mwamvuli uliogeuka juu chini. Donatus alikuwa anacheka njia nzima. Nadhani alimkumbuka Januari akiwa mtoto, enzi yeye ndiye aliyekuwa anambeba.

Kwa Nelly tulimaliza mapema. Tulipofika kwenye ile kona baada ya stendi, Donatus akapiga dashibodi. "Sufuria! Sufuria!"

Mimi nyuma nikasema, "Ndivyo anavyofanya kila mara, shem. Endelea tu."

Januari hakuendelea. Alipunguza mwendo akamtazama kaka yake. "Huku?" Donatus akaitikia kwa kichwa. "Kulia?" Akaitikia tena. Tukaingia mtaa ambao mimi sijawahi kuuingia, wa mafundi wa viti na wachomelea milango, mpaka akapiga dashibodi tena na kuacha mkono hapo.

Kilikuwa kiduka chembamba cha spea. Msichana wa dukani, Noela jina lake, akatoka mbio kwenye mvua.

"Baba Ritha wa Probox nyeupe! Shikamoo! Umepotelea wapi miezi yote hii?"

Donatus akafungua mdomo, maneno yakagoma. Machozi yakaja badala yake. Januari akamweleza habari za ugonjwa, na Noela akamshika mume wangu mkono, ule wa kulia, akamwingiza dukani kama anamwingiza baba yake.

Na Donatus akanyoosha kidole cha kushoto ukutani. Pale palining'inia vikombe vya chuma, vikubwa kwa vidogo, vimeingizana kimoja ndani ya kingine, kila kimoja kina tundu juu la kuingizia mpini.

"Sufuria," alisema. Safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka kubishana.

Nilikaa kwenye ndoo ya oili iliyokuwa pale. Ni sufuria kweli. Ni sufuria za kuingizana, kama zile zangu za jikoni. Noela akasema, "Hizi ndizo spana za filta za kikombe. Kinavaa kichwa cha filta kama kofia, hakihitaji nafasi pembeni. Baba Ritha alikuwa na ya kwake. Alisema kuna mtu kamwazima hakurudisha, nikamwambia akija tena atachukua nyingine." Akaleta filta mpya, ile ile aliyokuwa akimuuzia siku zote, akaivalisha kikombe cha kwanza. Kikalegea. Cha pili hakikuingia. Cha tatu kikaingia, kingo zake zikakaa kwenye mikunjo ya filta, kila mkunjo na mahali pake, kikatoa mlio mdogo, tik. Donatus akasema, "Eeh."

Mwezi mzima na zaidi nilikuwa natafuta kwa mafundi, kwa wenye matrekta, kwa wauzaji wanaoapa, na mtu aliyekuwa anajua alikuwa ameketi kando yangu garini. Alikuwa ananiambia kila siku. Mimi nilikuwa nampelekea chakula.

Njiani nilimwambia Januari, "Nilidhani unalitaka gari."

Akasema, "Najua ulidhani. Watu wanasema mengi. Nalitaka litembee, shemeji. Likisimama, kaka atakaa ndani, na akikaa ndani tutampoteza."

Nilimshukuru. Aliongeza kasi ya waipa tu.

Ijumaa 20 Desemba

Shimo la gereji lilikuwa limejaa maji ya mvua. Mwigulu na Januari wakayachota kwa ndoo, wakasukuma gari juu. Mwigulu akataka kuingia, kisha akanitazama. "Mama, sina uso wa kuigusa tena." Januari mabega yake ni mapana kwa lile shimo. Nikafunga khanga kiunoni nikaingia mwenyewe, maji ya kifundo cha mguu.

Nilivalisha kikombe. Tik. Nikaweka mpini, nikavuta. Hakuna kitu.

"Hapana," alisema Donatus kutoka juu, kwenye kiti chake ukingoni. Nikainua macho. Alikuwa anazungusha kidole hewani, upande mwingine. Kumbe nilikuwa naikaza! Ukiwa chini mambo yamegeuka. Nikavuta upande alioonyesha. Nikavuta tena, nikakanyaga ukuta wa shimo kwa mguu mmoja, nikamwita Mama Bikira Maria kwa jina. Ikalia, kriii, mlio wa kitu kilichogoma muda mrefu, na ikasogea.

"Imekubali!" Mwigulu alirusha kofia yake. Watu wa sokoni wakaja kuona kuna nini.

Nikaimalizia kwa vidole. Oili chafu ikanimwagikia mpaka kwapani na sikujali hata kidogo. Kabla sijaipandisha ile mpya, Donatus akanyoosha mkono apewe. Nilidhani anataka kuiangalia. Akaiweka mapajani, akachovya kidole kwenye oili safi, akapaka kwenye ule mpira wa mdomoni mwa filta, akiuzunguka wote taratibu, asiache mahali pakavu. Ilibidi nitazame mara mbili. Ulikuwa mkono wa kulia.

Januari aligeuka akaenda kusimama nje ya kibanda, mvuani.

Nilipoipandisha nikanyoosha mkono nipewe kikombe nikaze. "Hapana," alisema Donatus. Akaonyesha kiganja. Mkono tu. Mwigulu akasema ndivyo inavyotakiwa, mpya inakazwa kwa mkono peke yake. Kwa hiyo nikaikaza mimi, kwa nguvu zangu nilizonazo.

Tulimwaga oili ya zamani, tukatia mpya, tukawasha. Hakuna tak-tak. Gari linanguruma kama mtu anayeimba ndani kwa ndani akiwa na kazi.

Jumatano 25 Desemba

Krismasi. Ritha amerudi kutoka chuoni. Januari amekuja na mbuzi. Mwigulu na mkewe wamekula kwetu. Donatus amevaa Jumapili.

Alhamisi 2 Januari 2025

Jana ilikuwa sikukuu, kliniki ikasogezwa leo. Nelly amesoma daftari hili mpaka tarehe ishirini ya mwezi uliopita, akaniomba ruhusa awasomee wenzake. Nikakubali. Nilikuwa nimemwandikia habari za filta nikidhani atakasirika.

Jumamosi 11 Januari

Palizi. Mpunga umesimama vizuri kuliko mwaka jana. Nashukuru.

Jumatano 15 Januari

Kliniki. Amesokota kifuniko bila meno.

Jumatano 29 Januari

Leo tumetoka asubuhi na mapema, mvua imekatika, barabara inang'aa. Kabla ya kuwasha nilipima oili. Ilikuwa rangi ya asali. Nikamwonyesha kijiti, akakitazama kwa makini kama mwalimu anayesahihisha.

Tulipokuwa tunakaribia Masumbwe, nilikuwa nawaza kesho nani atanisaidia palizi ya pili. Macho yalikuwa barabarani lakini mimi sikuwepo.

"Ng'ombe," alisema Donatus. "Mama Ritha, simama."

Nikakanyaga breki kabla sijaelewa nimesikia nini. Kwenye nyasi ndefu za kushoto ikatokea pembe, kisha kichwa, kisha kundi zima likamiminika kwenye lami mbele yetu, wengi, weupe na wa madoa. Mzee mwenye ng'ombe alikuja nyuma yao na fimbo mabegani. Akainamia dirisha la upande wa Donatus.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," alijibu mume wangu, vizuri kabisa, kwa Kisukuma, lugha ya mama yake. "Wamenenepa."

"Mvua imetuonea huruma," akasema yule mzee, akaendelea na safari yake.

Tulikaa pale mpaka ng'ombe wa mwisho akavuka, injini ikinguruma polepole. Nilikuwa nalia na sikutaka kufuta, maana nilihofu nikisogeza mkono maneno yatakimbia. Nyuma yetu lori likapiga honi.

"Twende," alisema Donatus. "Nelly anasubiri."